Maneno ya Kiingereza: namna ya kuyafundisha kwa mwenyeji na kwa mugeni



Katekista mumoja wa parokia yetu alikuja kuniona siku moja nyuma ya Misa, akiwa na barua mukononi. Barua ile ilitoka Uganda, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako ndugu yake anakaa pamoja na muke wake na watoto wao. «Padri, akaniambia, ndugu yangu anaandika kwamba mutoto wake wa kwanza, aliyemaliza kalasi ya sita hapa Bukavu, amerudishwa kule katika kalasi ya tatu. Wanasema hajui Kiingereza. Hapa alikuwa mutoto wa akili. Sasa analia na kusema kwamba yeye ni mujinga. Padri, utuandikie orodha ya maneno ya Kiingereza, kusudi wadogo wake waliobaki hapa wayashike kwa kichwa mbele ya kumufuata.»

Nilimwomba angoje juma moja. Orodha ningeweza kumupa siku ile ile, kwani vitabu vyenye orodha havikosekani. Lakini nilijiuliza: orodha gani? Maneno gani kwanza, na kwa namna gani? Maulizo haya si ya katekista yule peke yake. Wengi kati yenu munafundisha ao mutafundisha katika shule zetu za sekondari, ambako Kiingereza ni somo, na masomo mengine yanatolewa kwa Kifaransa. Ngambo ya mto Ruzizi, Rwanda ilikata shauri katika mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza. Katika mwaka 2022 inchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kiingereza kinatumiwa sana katika kazi na biashara. Tena, wakimbizi wetu wako wengi Uganda na Marekani, na watoto wao wanakaa leo katika kalasi moja na watoto waliozaliwa katika Kiingereza. Basi inafaa tueleze vizuri neno hili: kufundisha maneno kwa mwenyeji wa luga na kufundisha maneno kwa mugeni si kazi moja. Anayechanganya kazi hizi mbili anamuumiza mwanafunzi.

I. Mutoto wa Mwingereza anajua nini mbele ya kuingia shule?

Tumuangalie kwanza mutoto aliyezaliwa katika Kiingereza. Siku anapoingia shule, akiwa na miaka mitano hivi, hajui kusoma hata herufi moja. Lakini wataalamu wanahesabu kwamba anakwisha kujua kwa sikio maneno kama 4.000 ao 5.000. Hakuna aliyemupa orodha. Alipokea maneno hayo kwa mama, kwa baba, kwa wenzake, katika kula, kuoga, kucheza na kugombana. Kila neno alilisikia mara mamia, katika mwahali mbalimbali, pamoja na maneno mengine yanayopenda kutembea nalo.

Kwa mutoto huyu, kazi ya mwalimu ni gani? Hana lazima ya kumufundisha «water», ao «sleep», ao «mother». Kazi yake ni kumuongezea maneno ya vitabu, yale yasiyosikiwa jikoni. Katika mwaka 2002, Isabel Beck na wenzake wa Marekani waliandika kitabu juu ya kazi hii, wakagawanya maneno katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni maneno ya kila siku, yale ambayo mwenyeji anayo tayari. Ngazi ya pili ni maneno yanayoonekana katika vitabu vya kila namna: kwa mufano «consequence», «necessary», «reluctant». Ngazi ya tatu ni maneno ya somo moja tu, kama vile «equator» katika jiografia. Wanasema kwamba mwalimu wa wenyeji atie nguvu zake zaidi katika ngazi ya pili. Shauri hili ni zuri, lakini ni la wenyeji.

Na kazi ya mwenyeji haiishi upesi. Katika mwaka 1990, wataalamu watatu, Goulden, Nation na Read, walipima Waingereza-luga waliomaliza université, wakaona kwamba mumoja anajua, kwa kadiri, jamaa za maneno 17.000. Tunasema «jamaa ya maneno» kwa sababu «teach», «teacher» na «teaching» ni watoto wa nyumba moja. Tunawahesabu kama jamaa moja.

II. Mwanafunzi wetu: ngazi imepinduliwa

Sasa tumuangalie mwanafunzi wetu wa Bukavu. Yeye si kopo tupu. Nyumbani anasema Kimashi ao luga nyingine ya wazee wake. Njiani na sokoni anasema Kiswahili. Katika kalasi anasoma Kifaransa. Seminarista anaongeza Kilatini. Anapofungua kitabu cha Kiingereza, maneno gani yanamushinda?

Wengi wanafikiri kwamba maneno marefu yatamushinda na maneno mafupi yatakuwa mepesi. Jambo ni kinyume. Umuonyeshe «photosynthesis», «consequence», «necessary», «humanity», «eternal»: atayatambua mara moja, kwani Kifaransa kimemupa ndugu zao. Lakini umuonyeshe neno moja dogo la herufi tatu, «get». «I get a letter»: ninapokea barua. «I get up»: ninaamuka. «I get tired»: ninachoka. «I get home»: ninafika nyumbani. «I get in»: ninaingia. Hapo anasimama kama mutu aliyefika mtoni na kukuta daraja limeanguka. Lakini mutoto wa Mwingereza wa miaka minne anatumia «get» muchana kutwa pasipo kufikiri.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo musingi wa mambo yote tunayosema leo. Lile linalomushinda mwenyeji, mara nyingi ni jepesi kwetu. Na lile ambalo mwenyeji amelinyonya na maziwa ya mama, ndilo gumu kwetu. Mwenyeji anapanda ngazi kutoka chini. Mwanafunzi wetu aliyesoma Kifaransa anashika tayari vipande vya juu, na vile vya chini vinakosekana. Mukimupa kitabu kilichofanywa kwa watoto wa Waingereza, kitamufundisha anayoyajua, na kitaruka asiyoyajua. Na mukimupima kwa maneno ya jikoni peke yake, mutasema kwamba ni mujinga, kumbe akili yake ni nzima kabisa. Nafikiri ndilo lililomupata mutoto yule wa Nakivale.

III. Sababu ya jambo hili

Sababu iko katika historia ya Kiingereza. Wakaaji wa kale wa Uingereza walisema luga ya jamaa moja na Kijerumani. Maneno yao ndiyo yaliyobaki katika nyumba na shamba: kula, kulala, kwenda, kuja, kuweka, kuchukua. Kisha wamisionari wakaja. Katika mwaka 597 Mutakatifu Augustino wa Canterbury, aliyetumwa na Papa Gregori, alifika Kent. Pamoja na imani kukaingia maneno ya Kanisa kutoka Kilatini: «Mass» ni missa, «candle» ni candela, «altar» ni altare. Hata «priest» ni neno lile lile presbyter, lililokatwa-katwa na vinywa vya watu.

Katika mwaka 1066 Guillaume wa Normandie alishinda Uingereza kwa vita. Kwa miaka mingi wakubwa, waamuzi na wenye mali walisema Kifaransa, na watu wadogo walibaki na luga yao. Hata leo alama ya jambo lile iko mezani. Munyama akiwa shambani anaitwa kwa jina la muchungaji: «ox», «sheep», «pig». Akipikwa na kuletwa mezani anaitwa kwa jina la mukubwa aliyemula: «beef», «mutton», «pork», nayo ni bœuf, mouton, porc. Nyuma ya hapo, wenye elimu waliendelea kuchota katika Kilatini. Ndiyo maana leo zaidi ya nusu ya maneno ya kamusi ya Kiingereza yametoka katika Kilatini ao Kifaransa. Lakini mukihesabu maneno 100 yanayotumiwa zaidi kuliko yote, karibu yote ni yale ya kale, ya nyumba na shamba.

IV. Maneno gani kwanza?

Maneno ya Kiingereza ni mengi mno. Hakuna mutu anayeyajua yote. Basi mwalimu wa wageni anapaswa kuchagua. Watu wenye hekima walitafuta namna ya kuchagua mbele yetu.

C. K. Ogden, Mwingereza, alitoa katika mwaka 1930 orodha ya maneno 850, akisema kwamba kwa hayo mutu anaweza kueleza karibu kila jambo. 600 ni majina ya vitu, 150 ni ya kueleza namna ya vitu, 100 ni ya kazi na ya kufunga maneno pamoja. Orodha ilikuwa fupi, lakini ilikuwa na hila ndani yake: kwa sababu vitenzi ni vichache, mwanafunzi anabeba muzigo mukubwa juu ya «get», «put», «take», na tumeona kwamba hayo ndiyo magumu kwa mugeni.

Michael West, aliyefundisha miaka mingi katika Bengal, alishika njia nyingine. Katika mwaka 1953 alitoa orodha ya maneno karibu 2.000, yaliyochaguliwa kwa sababu yanakutwa mara nyingi katika vitabu. Kwa kila neno alionyesha pia maana zake, na ni maana gani inayotumiwa zaidi. Hapo mwalimu anaona faida kubwa: maneno 2.000 ya kwanza yanafunika karibu maneno 80 kati ya 100 katika maandiko mengi, na zaidi tena katika mazungumzo. Anayeyashika amefungua mulango. Lakini asidanganyike kwamba amemaliza nyumba. Paul Nation wa Nouvelle-Zélande alihesabu katika mwaka 2006 kwamba, kusudi kusoma kitabu pasipo kusimama kila mara, inafaa kujua jamaa 8.000 ao 9.000.

Ginsi gani basi kwetu? Ninasema hivi: mwalimu wa Bukavu achukue maneno 2.000 ya kwanza, na atie alama juu ya yale ambayo Kifaransa kinampatia mwanafunzi. Hayo ayapitie upesi, kwa kusahihisha masikilizi na maana. Nguvu zote zinazobaki azitie katika maneno mafupi ya kale: «get», «keep», «let», «look after», «put off», «still», «yet», «enough».

V. Mitego ya ndugu wa uongo

Lakini musitumaini Kifaransa pasipo kuangalia. Neno lenye sura moja linaweza kuwa na roho nyingine. Niwaambie jambo lililonipata mwenyewe. Mwanzo wa upadri wangu nilimwandikia padri mumoja wa ngambo, nikitaka kumwomba vitabu kwa ajili ya wanafunzi. Katika Kifaransa kuomba ni demander. Basi nikaandika kwa Kiingereza «I demand some books». Jibu lilikuja fupi na baridi: vitabu hakuna. Miaka miwili ilipita mbele ya rafiki mumoja kunieleza kwamba «demand» si kuomba. Ni kudai kwa nguvu, sawa vile mwenye deni anavyodaiwa. Nilikuwa nimemwamuru muzee nisiyemujua anitumie vitabu. Nilimwandikia tena kwa haya, naye akacheka katika barua yake. Lakini ni wangapi wanaokosa musaada pasipo kujua sababu?

Muandike basi mitego hii katika daftari. «Library» ni nyumba ya kusomea vitabu, si duka la vitabu. «Assist» ni kusaidia. Anayehuzuria Misa «attends Mass». «Actually» ni kwa kweli, si sasa. «Injury» ni kidonda, si tusi. «Deception» ni udanganyifu, si kuvunjika moyo.

Kiswahili chetu pia kina mitego. Sisi tunasikia kila kitu: tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu, tunasikia Kifaransa. Mwingereza anagawanya neno hili katika maneno mengi: sauti ni «hear», njaa na baridi ni «feel», harufu ni «smell», luga ni «understand». Mwanafunzi akisema «I hear hunger», hakukosa akili. Ametafsiri vizuri luga yake. Vivyo hivyo kwetu mukono ni mukono, toka bega mpaka vidole. Mwingereza anaukata: «arm» na «hand». Muguu vile vile: «leg» na «foot». Mutoto wa Mwingereza hana lazima ya kufundishwa mambo haya. Wetu anayo lazima, na hakuna kitabu cha wenyeji kitakachomweleza.

Hii ndiyo sababu kamusi pia ni za namna mbili. Katika mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi yake kubwa kwa Waingereza wenyewe, yenye maneno zaidi ya 40.000. Alipoeleza «network», kitu kilichosukwa kama wavu, alitumia maneno magumu kuliko neno lenyewe. Wasomi wa Uingereza walicheka, lakini mugeni angelia. Karibu miaka 190 nyuma yake, A. S. Hornby, aliyefundisha Wajapani, alitengeneza pamoja na wenzake kamusi kwa ajili ya wageni, ikapigwa chapa Tokyo katika mwaka 1942. Hiyo inaeleza kwa maneno mepesi, tena inaonyesha neno linatembea na nani na linawekwa namna gani katika usemi. Mukinunua kamusi kwa seminari, muangalie ni ya nani.

VI. Namna ya kufundisha neno

Hapa ninaleta mashauri saba. Si mageni kwa mwalimu mwenye uzoefu, lakini ni vizuri kuyaona pamoja.

1. Machache kwa mara moja. Maneno tano ao sita yaliyoshikwa ni bora kuliko makumi tatu yaliyonakiliwa katika daftari. Mutungi unajazwa polepole. Ukimwaga ndoo yote mara moja, maji yanapotea.

2. Sikio na kinywa mbele ya kalamu. Kiswahili kinaandikwa sawa vile kinavyosemwa. Kiingereza sivyo: «though», «through» na «tough» yanafanana katika maandiko, yanatengana katika kinywa. Sisi tuna vokali tano tu. Ndiyo maana «ship» na «sheep», «live» na «leave» yanakuwa neno moja katika masikio yetu. Mwanafunzi alisikie neno, aliseme, kisha aliandike.

3. Neno lisitembee peke yake. Musiandike «depend = kutegemea» tu. Muandike «It depends on the rain». Kwani anayetoka Kifaransa atasema «depend of», na vile vile «listen the priest» pahali pa «listen to the priest». Neno lishikwe pamoja na jirani yake.

4. Musiweke ndugu mapacha katika somo moja. Walimu wengi wanapenda kufundisha «left» na «right» pamoja, «borrow» na «lend» pamoja, «Tuesday» na «Thursday» pamoja. Katika mwaka 1993 Tinkham alipima namna hii, akaona kwamba maneno mapya ya jamaa moja yakifundishwa pamoja, yanashikwa kwa taabu zaidi, kwani yanachanganyikana. Mufundishe «left» leo. Ikishikwa vizuri, mulete «right».

5. Kurudilia kwa vipindi. Katika mwaka 1885 Mujerumani Hermann Ebbinghaus aliandika matokeo ya kujipima mwenyewe: sehemu kubwa ya tuliyoyashika inapotea katika siku za kwanza, lakini kila tukirudilia, kusahau kunakuwa kwa polepole. Basi neno la leo liulizwe jioni, liulizwe kesho, liulizwe nyuma ya juma moja, liulizwe nyuma ya mwezi. Kurudilia mara kumi katika saa moja hakufai kama kurudilia mara tano katika mwezi muzima.

6. Kuuliza, si kuonyesha tu. Mwanafunzi akate karatasi ndogo, aandike Kiingereza upande mumoja na Kiswahili upande mwingine. Aangalie Kiswahili, ajikaze kukumbuka, kisha ageuze. Kule kujikaza ndiko kunakotia neno ndani. Kusoma orodha kwa macho ni kama kuangalia mwingine akilima.

7. Luga ya mama isifukuzwe. Zamani shule nyingi ziliazibu mutoto aliyesema luga ya nyumbani. Ilikuwa makosa, na hasara vile vile. Neno moja la Kiswahili linaweza kueleza kwa nukta moja lile ambalo mwalimu angelieleza kwa robo saa kwa ishara na picha. Lakini kiisha kulieleza, muonyeshe mupaka: «hapa linafanana, hapa halifanani», sawa vile tulivyofanya na kusikia.

Makatekista wengine watasema: «Padri, Kifaransa chetu ni kidogo, na Kilatini hatuna.» Musiogope. Kiswahili chenyewe kimepokea maneno ya Kiingereza: shati, koti, soksi, blanketi. Kanisa nalo limewapa Misa na altari. Muanze na hayo, kwa kuwa mutu akiona kwamba ana kitu tayari, anapata moyo wa kutafuta kingine.

VII. Wanapokaa katika kalasi moja

Linabaki jambo moja gumu. Katika Marekani, na katika inchi nyingine ambako watu wetu wamepokelewa, mutoto wa Kivu anakaa karibu na mutoto mwenyeji, mbele ya mwalimu mumoja na orodha moja. Mwalimu afanye nini?

Kwanza atambue kwamba neno moja juu ya ubao ni kazi mbili. Akiandika «reluctant», mwenyeji anajua tayari «he does not want to»; anapokea jina jipya kwa jambo la zamani. Wetu labda hajashika bado «want to». Kwake yeye «reluctant» linaweza kungoja. Lakini akiandika «consequence», mambo yanageuka: wetu anaweza kuinua mukono na kusema kwamba neno hili analijua kwa Kifaransa, naye atakuwa mwalimu wa jirani yake kwa dakika moja. Mwalimu mwenye busara atatafuta dakika kama hizo. Zinafundisha neno kwa mwenyeji, na zinamurudishia mugeni heshima yake.

Pili, apewe wakati. Mutoto anaweza kusema vizuri na wenzake katika uwanja wa kucheza, na bado maneno ya kitabu yakamushinda. Mwingine, sawa vile wengi wetu, anasoma kitabu na kushindwa kuuliza njia. Wote wawili wanajua nusu, lakini si nusu ile ile. Mbele ya kumurudisha mutoto nyuma kalasi tatu, aulizwe kwanza anajua nusu gani. Apewe hesabu na jiografia kwa luga anayoijua: hapo akili yake itaonekana.

Juma lilipokwisha, katekista alirudi. Sikumupa orodha moja, nilimupa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya maneno 60 mafupi, kila moja ndani ya usemi wake, kwa ajili ya wadogo waliobaki hapa: maneno tano kwa siku tatu, na kurudilia kila Jumamosi nyuma ya katekisimu. Ya pili ilikuwa ya mutoto aliye Nakivale. Niliandika maneno marefu 100 ya Kiingereza ambayo anayajua tayari kwa Kifaransa chake cha kalasi ya sita: «nation», «animal», «difficult», «question», «important», «history», na mengine. Chini yake niliandika kwa Kiswahili: «Haya yote ni ya kwako tangu Bukavu. Umuonyeshe mwalimu wako. Yanayokosekana ni yale madogo, na madogo yanashikwa kwa kusema na wenzako kila siku.»

Katekista alikunja karatasi ile vizuri, akaitia katika mufuko wa shati pamoja na barua ya ndugu yake. Mulangoni aligeuka, akaniuliza: «Padri, hata mimi ninaweza kujifunza hayo 60?» Nilimwambia aje Jumamosi, akae na watoto.